Ukuta wa Berlin: kwanini mzee aliruhusiwa kuvuka na kijana akapigwa risasi

Ukimtajia mtu Ukuta wa Berlin mara nyingi picha inayomjia ni mstari mmoja umenyooka katikati ya Ujerumani toka juu mpaka chini, huku wakomunisti kule mabepari, basi. Hiyo picha ndo inayowachanganya watu wakianza kusoma habari zenyewe, maana ghafla wanakutana na treni za Magharibi zinapita chini ya ardhi ya Mashariki, wazee wanavuka na sanduku lao mchana kweupe wakati kijana wa miaka 20 anapigwa risasi palepale, mtu wa Hamburg, mji wa Ujerumani Magharibi, anaingia Berlin Mashariki kutembea na kurudi wakati anayekaa mitaa miwili tu kutoka hapo hana ruhusa. Unaona kama ni habari isiyo na kichwa wala miguu. Mimi nilikuja kuielewa siku nilipoanza kujiuliza swali moja kwa kila kituko ninachokutana nacho: huyu mtu akiondoka asirudi, serikali ya Mashariki inapoteza nini?

Tuanze na ramani kwanza. Vita ilipoisha 1945 washindi wanne, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, waligawana Ujerumani vipande vinne. Berlin iliangukia ndani kabisa ya kipande cha Wasovieti ila kwa vile ndo ulikuwa mji mkuu nao wakaukata vinne. 1949 vipande vitatu vikaungana vikawa Ujerumani Magharibi, kile cha Wasovieti kikawa Ujerumani Mashariki, na Berlin Magharibi ikabaki kama kisiwa, mji wa watu zaidi ya milioni 2 umezungukwa pande zote na nchi ya kikomunisti, kutoka pale mpaka ufike Ujerumani Magharibi yenyewe ni zaidi ya kilomita 150 za barabara.

Kwa hiyo ukuta ulikuwa duara. Ulizunguka Berlin Magharibi yote, jumla kilomita kama 155, na kati ya hizo ni 43 tu zilizopita katikati ya mji zikitenganisha mtaa na mtaa, zilizobaki zilikuwa zinapita kwenye misitu, maziwa na mashamba ya nje ya mji. Sasa hapo ndo kichwa kinapozunguka, kwamba waliozungushiwa zege ndo waliokuwa huru kusafiri, na waliofungiwa ni wale walioko nje ya duara, nchi nzima ya watu milioni 16 na kitu.

Kwanini ilibidi? Mpaka mrefu kati ya Ujerumani mbili ulishafungwa tangu 1952, seng'enge na kila kitu. Lakini Berlin iliachwa wazi kwa sababu kisheria ulikuwa mji wa mataifa manne. Mtu wa Leipzig, mji wa Ujerumani Mashariki, akichoka anapanda treni mpaka Berlin Mashariki, pale anakata tiketi ya treni ya mjini ya pfennig 20 (senti zao), anashuka stesheni chache mbele, yuko Magharibi. Anaenda kambi ya wakimbizi ya Marienfelde, anaandikishwa, anapandishwa ndege. Ndo ilivyokuwa rahisi. Toka 1949 mpaka 1961 waliondoka watu kama milioni 2.7, na karibu nusu yao walikuwa hawajafika miaka 25. Madaktari, mainjinia, walimu, mafundi. Unasomesha mtu bure toka chekechea mpaka chuo kikuu, akimaliza tu anaenda kutibu watu wa Hamburg. Siitetei ile serikali hata kidogo, watu walikuwa wanakimbia kwa sababu walikuwa wanabanwa na mwaka 1953 wafanyakazi walipoandamana vifaru vya Kisovieti viliingizwa mitaani, ila hesabu yao ilikuwa inaeleweka, nchi ilikuwa inavuja na kama ingeendelea hivo wangebaki wazee watupu.

Kulikuwa na kundi lingine ambalo huwa linasahaulika, watu elfu hamsini na zaidi waliokuwa wanalala Mashariki na kufanya kazi Magharibi. Kodi ya nyumba unalipa kwa bei ya Mashariki, mkate unanunua kwa bei ya Mashariki, mshahara unalipwa kwa maki (hela ya Kijerumani) za Magharibi ambazo mtaani zinabadilishwa kwa maki nne au tano za Mashariki. Majirani zao waliokuwa kwenye viwanda vya serikali waliwaonea gere, na serikali iliwachukia waziwazi.

Tarehe 15 Juni 1961 Walter Ulbricht, kiongozi wa Mashariki, akaulizwa na mwandishi wa habari kuhusu mpaka akajibu "hakuna mtu mwenye nia ya kujenga ukuta". Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari ya ukuta. Miezi miwili baadae, usiku wa kuamkia Jumapili ya 13 Agosti, askari na wanamgambo wakamwagwa mitaani wakaanza kuvuta seng'enge, treni zikakatwa, watu wanaamka asubuhi wanakuta mji umeshagawanyika. Jumapili ilichaguliwa makusudi, watu wako majumbani na hakuna anayekwenda kazini. Kuna aliyekuwa amelala kwa shangazi yake upande wa pili. Kuna wapenzi. Na wale elfu hamsini Jumatatu yao haikuwa na kazi tena.

Viwanda vya Berlin Magharibi navyo vikabaki na mashine bila watu. Oktoba 30 mwaka huohuo Ujerumani Magharibi ikasaini mkataba na Uturuki wa kuleta wafanyakazi, mazungumzo yalikuwepo tayari lakini kukauka kwa watu kutoka Mashariki kulifanya hitaji liwe kubwa zaidi, na familia nyingi za Kituruki zikaishia Kreuzberg, mtaa uliobanwa na ukuta ambao wenyeji walikuwa wanauhama na kodi zikashuka. Ukienda Kreuzberg leo ukala döner, mkate wa nyama wa Kituruki, ujue na ukuta una mkono wake hapo.

Mtaa unaonishika mimi kuliko yote ni Bernauer Strasse. Pale mpaka ulipita kwenye ukuta wa mbele wa nyumba za watu. Yaani nyumba ni ya Mashariki, barabara ya mbele ni ya Magharibi, ukifungua mlango ukashuka ngazi umeshabadilisha nchi. Siku za kwanza watu walitoka tu hivohivo. Askari wakaziba milango kwa tofali, wakaja wakaziba na madirisha ya chini, basi watu wakapanda juu wakaanza kuruka, wazimamoto wa Magharibi wamesimama chini wameshika shuka la kuwadakia. Ida Siekmann, mama wa miaka 58, alitupa kwanza matandiko yake chini halafu akaruka toka ghorofa ya tatu kabla wazimamoto hawajafungua shuka. Hiyo ni 22 Agosti, na ndo kifo cha kwanza cha ukuta. Wiki chache baadae wakaaji wote wakahamishwa kwa nguvu, baadae nyumba zikabomolewa ukaachwa ukuta wa mbele tu kama uzio. Kanisa la mtaa huo, Kanisa la Upatanisho ndo jina lake, lilibaki limesimama tupu katikati ya eneo la mpaka miaka zaidi ya 20, hakuna anayeruhusiwa kusali humo, mpaka Januari 1985 wakalilipua.

Na tukisema "ukuta" tunaupunguza. Kufikia miaka ya 70 na 80 ulikuwa ni ukanda mzima. Ukitokea Mashariki unakutana na ukuta wa ndani, halafu uzio wenye nyaya zinazopiga kengele ukigusa, halafu minara (ilikuwa kama 300 hivi), barabara ya doria, taa usiku kucha, mchanga unaosawazishwa kwa reki ili nyayo zionekane, ndo mwisho kabisa zege la mita 3.6 ambalo watu wa Magharibi waliliona kama ndo ukuta wenyewe. Wale waliokuwa wanachora michoro upande wa Magharibi walikuwa wamesimama kwenye ardhi ya Mashariki bila wengine kujua, maana zege lilijengwa hatua kadhaa ndani ya mpaka. Kwenye ule ukanda walizaana sungura kwa mamia, hakuna mtu wa kuwasumbua.

Sasa turudi kwenye lile swali. Akiondoka huyu tunapoteza nini?

Mstaafu akiondoka hawapotezi kitu, kinyume chake wanaokoa pensheni na fleti. Ndo maana toka Novemba 1964 wanawake wa miaka 60 na wanaume wa 65 waliruhusiwa kwenda Magharibi kutembelea ndugu, na wakiamua kubaki hukohuko hakuna anayewafukuzia. Bibi akawa ndo mtu wa familia anayeijua dunia. Ndo anayeletewa orodha na wajukuu, jinzi saizi fulani, sahani ya muziki fulani, kahawa. Mzazi wa miaka 40 hakuweza kwenda hata kumzika kaka yake mpaka apate kibali maalum, na akipata mkewe na watoto wanabaki nyumbani kama rehani. Hii ya vibali vya dharura za familia ilianza miaka ya 70 na ikalegezwa kidogo miaka ya 80, ila kanuni ya kutowatoa wote pamoja haikubadilika.

Kwa waliokuwa wanatoka Magharibi mambo yalikuwa tofauti tena. Raia wa Ujerumani Magharibi aliweza kupata kibali cha siku moja kuingia Berlin Mashariki. Mkaazi wa Berlin Magharibi hapana, toka mwisho wa Agosti 1961 alifungiwa kabisa, kwa sababu Mashariki haikukubali kwamba Berlin Magharibi ni sehemu ya Ujerumani Magharibi na ilitaka kulazimisha mazungumzo juu ya hilo. Simu kati ya pande mbili za mji zilishakatwa 1952. Kwa hiyo kwa miezi 28 mtu hakuweza kumuona wala kumsikia mama yake anayekaa umbali wa kutembea kwa miguu, zaidi ya barua na kupunga mkono juu ya ngazi. Krismasi ya 1963 ndo vikatolewa vibali vya kwanza, watu walipanga foleni kwenye baridi ya Desemba masaa na masaa, na kwa siku 18 zikahesabiwa ziara kama milioni 1.2. Simu zilirudi Januari 1971, laini kumi tu kwa mji mzima. Kuanzia 1972 kutembelea kukawa kitu cha kawaida ila kwa kulipia, unalazimishwa kubadilisha kiasi fulani cha pesa kwa kila siku unayoingia, 1980 ikapandishwa ikawa maki 25 kwa kichwa, maki moja ya Magharibi kwa moja ya Mashariki, na zile za Mashariki huruhusiwi kutoka nazo. Kabla usiku haujaisha uwe umeshatoka. Stesheni ya Friedrichstrasse palijengwa ukumbi wa vioo wa kukagulia wanaoondoka, watu waliagania hapo mlangoni wakaupa jina la Kasri la Machozi. Bado upo, ni makumbusho siku hizi.

Hiyo Friedrichstrasse ilikuwa na maajabu yake. Njia mbili za treni za chini ya ardhi za Magharibi, U6 na U8, zilikuwa zinaanzia Magharibi kaskazini, zinapita chini ya katikati ya mji ambako ni Mashariki, zinatokea tena Magharibi kusini. Kuzihamisha haiwezekani, kwa hiyo Magharibi ikawa inailipa Mashariki pesa kila mwaka treni zipite bila kusimama. Zile stesheni zilizokatishwa zikaitwa stesheni za mizimu. Ukiwa ndani unasikia tangazo kwamba hii ndo stesheni ya mwisho ya Berlin Magharibi, halafu treni inapunguza mwendo, taa hafifu, askari wamejificha kwenye vibanda, matangazo ya biashara ya zamani bado yamebandikwa ukutani. Juu mitaani milango ya kushukia ilizibwa na ramani za treni za Mashariki hazikuonyesha kitu, mtoto aliyezaliwa 1965 aliweza kukua anatembea juu ya stesheni bila kujua ipo, ila mngurumo chini ya miguu alikuwa anausikia. Friedrichstrasse peke yake ndo treni za Magharibi zilisimama, unabadilisha njia chini ya ardhi ya kikomunisti bila kuonyesha paspoti, na serikali ya Mashariki ikaweka palepale kwenye jukwaa maduka ya sigara na pombe za bei nafuu kwa pesa ya Magharibi tu. Watu walienda, wananunua, wanarudi na treni inayofuata.

Pesa ya Magharibi ndo inatuingiza kwenye maisha ya ndani. Nataka niseme vizuri hapa maana watu huwa wanavuta upande mmoja. Maisha ya Berlin Mashariki hayakuwa kukimbizana na mapolisi asubuhi mpaka jioni. Kodi ya nyumba ilikuwa karibu maki 1 kwa mita ya mraba kwa mwezi, andazi la mkate pfennig 5 miaka nenda rudi, kazi ipo kwa kila mtu, vituo vya kulelea watoto vipo, na kwenye miaka ya 80 karibu wanawake 9 kati ya 10 walikuwa kazini au masomoni. Hii ya mwisho nayo ilitokana kwa sehemu na lile pengo la nguvu kazi, nchi iliyopoteza mamilioni haikuweza kumuacha nusu ya watu nyumbani. Na Berlin Mashariki ilipendelewa, ndo dirisha la duka, watu wa mikoani walikuwa wanakuja kununua vitu ambavyo kwao havifiki.

Lakini foleni. Gari la Trabant, injini ndogo ya nguvu za farasi 26 na bodi ya plastiki ngumu, unajiandikisha leo unasubiri miaka zaidi ya 10, wazazi walikuwa wanawaandikisha watoto wakitimiza 18 tu. Mwaka 1977 bei ya kahawa duniani ilipanda sana kwa sababu ya baridi iliyoua mibuni Brazil, serikali ikaleta mchanganyiko wenye kahawa asilimia 51 na iliyobaki ni nafaka na vitu vingine vya kukaanga. Watu walilalamika kwa barua kwa maelfu, katika nchi ambayo hawalalamiki hadharani, kahawa ikawatoa. Serikali ikaanza kupeleka silaha na malori Ethiopia kubadilishana na kahawa. Nikifikiria kwamba kikombe cha asubuhi cha mtu wa Berlin kililipiwa na bunduki zilizotumika kwenye vita za pembe ya Afrika naumia kweli.

Na hapo ndo palikuwa na matabaka ndani ya nchi iliyosema haina matabaka. Toka 1974 raia wa kawaida waliruhusiwa kushika maki za Magharibi, na kulikuwa na maduka maalum, Intershop, yanayouza chokoleti, sabuni, jinzi na redio kwa pesa hiyo tu. Mwenye shangazi Magharibi anayemtumia vifurushi alikuwa tajiri. Na kuna mwanachama mwaminifu wa chama, amefanya kazi maisha yake yote, hana ndugu ng'ambo, anapita pale mlangoni harufu inamfikia na hana cha kununulia. Wengi walioishi kule wanaikumbuka hiyo harufu mpaka leo, kahawa na sabuni zimechanganyika.

Jioni watu walikaa kuangalia tv ya Magharibi. Mawimbi hayazuiliwi na zege, antena za Berlin Mashariki zilikuwa zimegeukia kulekule, mapema miaka ya 60 vijana wa chama waliwahi kutumwa kupanda kuzing'oa ila baadae serikali ikakata tamaa. Kwa hiyo watu walijua kila kitu cha upande wa pili, matangazo ya biashara, siasa, muziki, ila mtoto alifundishwa nyumbani asiseme shuleni ameangalia nini.

Maana kulikuwa na Stasi, usalama wa taifa wao. 1989 walikuwa na waajiriwa kama 91,000 kwa nchi ya watu milioni 16, ukiacha watoa habari wa siri ambao walikuwa karibu mara mbili ya hao. Mafaili yaliyobaki yakipangwa yanafika kilomita 111, zaidi ya theluthi mbili ya urefu wa ule ukuta wenyewe. Yalipofunguliwa 1992 watu wakaenda kusoma ya kwao. Vera Lengsfeld, mwanaharakati aliyekuja kuwa mbunge, alikuta aliyekuwa anamripoti miaka yote ni mumewe. Sijui mtu anasoma karatasi kama hiyo akiwa amekaa au amesimama.

Aliyetaka kuondoka kihalali aliweza kuandika maombi. Mwalimu akiandika anatolewa darasani, anasubiri miaka, watoto wake wanazibiwa chuo. Aliyejaribu kutoroka akakamatwa anafungwa, na wafungwa hawa Mashariki ilikuwa inawauza, sitafuti neno laini zaidi, toka 1963 mpaka 1989 Ujerumani Magharibi ilikomboa wafungwa wa kisiasa zaidi ya 33,000 kwa pesa na bidhaa, na miaka ya mwisho bei ya mtu mmoja ilipita maki 90,000. Sababu iliyotolewa ni kufidia gharama za kumsomesha. Unaona tena ileile hesabu. Na waliojaribu kuvuka wenyewe Berlin, wasiopungua 140 waliuawa pale ukutani au walikufa kwa sababu yake. Peter Fechter alikuwa na miaka 18, Agosti 1962, alipigwa risasi akaanguka upande wa Mashariki akavuja damu karibu saa nzima akilia msaada watu wa pande zote mbili wakimsikia. Wa mwisho kupigwa risasi alikuwa Chris Gueffroy, miaka 20, Februari 1989. Miezi tisa tu ilikuwa imebaki.

Sisi huku nayo ilitufikia. Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 ilikuwa ya kwanza Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na Ujerumani Magharibi ilikuwa na sera kwamba ukimtambua yule sisi hatukujui, ndo maana baada ya Muungano ukazuka ule mvutano wa 1965 Bonn, makao makuu ya Ujerumani Magharibi, ikasitisha msaada wa kijeshi na Nyerere akawaambia chukueni na uliobaki. Maghorofa ya Kilimani na ile mipango ya Michenzani Unguja ilitoka kwa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ukiyaangalia halafu ukaangalia mitaa ya fleti za Berlin Mashariki unaona ni fikra moja, wape watu haraka nyumba yenye umeme na maji, mtaa mmoja mrefu, wote sawa.

Mwisho wa ukuta nao unaeleweka kwa hesabu ileile. 1989 Hungaria ikafungua mpaka wake na Austria, Septemba ikawaruhusu rasmi Wajerumani Mashariki wapite, wengine wakajaa kwenye ubalozi wa Ujerumani Magharibi mjini Prague. Nchi ikaanza kuvuja tena kama 1961, safari hii kwa kuzunguka nyuma, na zege la Berlin halikuwa na la kufanya. Tarehe 9 Novemba msemaji wa chama Günter Schabowski, akisoma karatasi ya kanuni mpya za kusafiri ambayo hakuwa ameelezwa vizuri, akaulizwa zinaanza lini, akajibu kwa ninavyojua mara moja, bila kuchelewa. Watu wakasikia kwenye tv wakavaa makoti wakaenda mpakani. Daraja la Bornholmer Strasse maelfu wamejazana, afisa wa zamu Harald Jäger anapiga simu kwa wakubwa hapati amri inayoeleweka, ikabidi achague kati ya risasi na kufungua, kama saa tano na nusu usiku akafungua.

Siku mbili baadae, 11 Novemba, treni ya U8 ikasimama stesheni ya Jannowitzbrücke kwa mara ya kwanza toka 1961, milango ikafunguliwa, na watu wa juu wakashuka ngazi.